Andazi Lilivyopata Tundu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kwa kujivuta? Hamjala? Tena, paukwa!

Pakawaaa!

Ehe, hapo sawa. Hapo zamani za kale, andazi halikuwa na tundu. Lilikuwa donge tu, limenona kama shavu la huyu mtoto aliyekaa mbele. Fundi wa kuyakaanga alikuwa Bi Nungunungu.

Alikanda. Akakata. Akakaanga. Chwaaa! Nje limeiva, ndani bichi. Wanyama wakila, matumbo yanalia ng'wiii! Tena Bi Nungunungu alikuwa na miba. Ukikaa naye karibu, choma! Basi kila karamu walimtenga. Alikula peke yake nyuma ya kichuguu, akiwasikia wenzake wanacheka upande wa pili. Iliuma, jamani.

Bi Ngiri akajifungua. Arobaini ya mtoto ikakaribia. Bi Nungunungu akaenda kwake.

"Hodi!"

"Karibu, shoga. Lakini simama hapo hapo."

"Siku ya arobaini, nami nataka kukaa na wenzangu."

Bi Ngiri akaguna. "Wewe? Na maandazi yako yaliyomlaza Kima kwa kuumwa tumbo?"

"Nitaleta yaliyoiva."

"Haya. Yakiiva mpaka ndani, utakaa nasi. Yakiwa mabichi, usikanyage tena uani kwangu."

Asubuhi ya arobaini Bi Nungunungu akawasha moto. Jirani yake Hondohondo alikuwa juu ya tawi, anachungulia. Moto mdogo, maandazi yakanywa mafuta. Moto mkali, yakaungua nje. Akayaimbia:

Andazi, andazi, iva,
iva mpaka moyoni!

Wapi! Nje limeiva, ndani bichi.

Bi Nungunungu akakaa chini akalia. "Ningekuwa laini, wangenivumilia hata na maandazi yangu mabichi. Kosa ni hii miba!" Kwa hasira akang'oa mmoja, akauchomeka katikati ya donge lililokuwa likingoja kukaangwa. Chomo!

Akalitazama. Akafuta machozi. "Ala! Hapa nilipochoma ndipo panapobaki pabichi kila siku." Akauzungusha mwiba, akauzungusha, tundu likapanuka. Akalitumbukiza andazi. Chwaaa! Mafuta yakapanda mpaka katikati.

"Hondohondo, onja!"

Hondohondo akameza. "Mh."

"Limeiva?"

"Sijajua bado. Lete jingine."

Bi Nungunungu akacheka. Akayakaanga yote. Sinia hana, basi akayavika kwenye miba yake, akaenda kwenye arobaini mgongo umejaa maandazi.

Wanyama wakamwona. "Kwi kwi kwi! Mbona yametoboka?" Kisha harufu ikawafikia. Kicheko kikakatika. Bi Ngiri akachukua moja, akalipasua, akalitazama ndani.

"Limeiva," akasema. "Limeiva mpaka ndani."

"Sasa atakaa wapi?" akauliza Kima. "Atatuchoma."

Ni kweli, kila mmoja alijikunyata. Bi Nungunungu akainamisha kichwa, akageuka aende zake nyuma ya kichuguu.

Bi Ngiri akalitazama andazi jingine mgongoni mwa Bi Nungunungu, na tundu lake. "Shoga, ngoja! Nyie, sogeeni nyuma. Tuzunguke!"

Wakasogea. Wakazunguka. Katikati pakabaki wazi.

"Nafasi yako hiyo."

Bi Nungunungu akakaa katikati. Hakuchomwa mtu. Kila mmoja akanyoosha mkono, akachomoa andazi mgongoni kwake. Bi Ngiri akamletea mtoto ampakate, maana kifuani hana miba. Bi Nungunungu akalia tena, safari hii kwa furaha.

Wakati wa kuondoka, Kima akavika maandazi mkiani. Twiga akavika kwenye pembe zake. Mbayuwayu akavaa moja shingoni, huyooo, akavuka bahari. Huko ng'ambo wakalipenda. Wengine wakalimwagia sukari, wengine wakalipaka chokoleti, wengine wakaliita donati. Lakini tundu hawakuliziba.

Basi sikieni, wakubwa na wadogo. Usimtenge mwenzio kwa alivyoumbwa. Mkikaa vizuri, nafasi yake ipo.

Ngano yangu ndiyo hiyo, nimeifikisha mwisho. Haya, sogeeni nyuma mzunguke, na yule aliyejibanza peke yake mlangoni aje akae katikati.