Ukindu Wenye Mafundo Matatu

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Pakawa kijiji kisichojua kufuli!"

Hapo kale, wanangu, hebu kioneni kijiji hicho: nyumba kumi, milango wazi, vinu uani. Desturi yao ilikuwa hii. Ukitaka kuazima kitu na mwenyewe hayupo, kichukue, ila uache mlangoni ukindu wenye mafundo yako. Fundo moja la Nungunungu. Mawili ya Kicheche. Matatu ya Pimbi.

Siku moja mchi wa Pimbi ukavunjika, twaa! Na wageni wako njiani! Akakimbilia kwa Nungunungu. "Hodi! Hodi! Hodi!" Kimya. Akatwaa mchi, akafunga ukindu wake, fundo, fundo, fundo, akautundika mlangoni. Akarudi kutwanga: tu! tu! tu! Kijiji kizima kikasikia.

Hajamaliza, mara kelele! "Mwizi! Mchi wangu! Ungo wangu!" Nungunungu huyo, miiba imesimama.

"Mchi nimeuazima, dada. Ungo siujui. Nimeacha ukindu!"

"Uko wapi?"

Mlangoni hakuna kitu. Na sheria ya kijiji hicho ilikuwa kali: mwizi hachoti tena maji chemchemini, yeye na watoto wake.

Wakaenda kwa Bibi Korongo, mwamuzi. Kicheche naye akaja mbio, ungo mgongoni, akipiga kelele kuliko wote. "Mfukuzeni! Kushika cha mtu ni wizi, basi!"

"Polepole, mjukuu wangu," akasema Korongo. "Mkono haushtakiwi peke yake. Mimi huuliza matatu. Pimbi, mchi ni wa nani?"

"Wa Nungunungu."

"Aliridhia?"

"Desturi yetu inaruhusu, bibi. Niliacha ukindu."

"Moyoni ulitaka kuufanya wako?"

"Hata! Nimetwanga mchana kweupe, kila mtu akisikia!"

"Mwongo huyo!" Kicheche akacheka, akawageukia watu, mgongo ukamwelekea Pimbi.

Hapo Pimbi akaona. Ungo ule umefungwa mgongoni kwa ukindu. Akahesabu: fundo, fundo, fundo!

"Bibi! Ukindu wangu ule pale!"

"Na ungo ni wangu!" Nungunungu akaruka. "Ukingo wake nimeushona kwa miiba yangu mwenyewe! Wewe una mwiba hata mmoja?"

Kicheche akarudi nyuma. "Ni... niliuokota. Nilitaka kuurudisha."

Korongo akainama, akaugusa ungo kwa mdomo. Alama nyekundu ambayo Nungunungu hutia vyombo vyake ilikuwa imekwanguliwa.

"Kuurudisha? Anayetaka kurudisha hafuti alama ya mwenyewe."

Pimbi akarudisha mchi, na bakuli la unga juu yake. Kicheche akafukuzwa chemchemini. Tangu siku hiyo hajaoga, na ukipita karibu naye, pua yako ni shahidi!

Ngano yangu nimeipepeta. Pumba nimetupa, unga chukueni. Nawaomba mkumbuke moja tu, wanangu: kabla hujamwita mtu mwizi, uliza kwanza moyo wake ulikusudia nini.