Nani Alikufanyia Hii Kazi?

Wapendwa, leo naomba mnivumilie, maana nitawahubiria tairi. Wazee wa kanisa, msitazamane hivyo. Sijapotea njia, nitarudi.

Palikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, mama mwembamba, mwenye sauti ya kutuliza darasa la watoto tisini bila kushika fimbo. Alikuwa na gari dogo jeupe, la zamani, na alikuwa na mume mgonjwa wa figo. Mume huyo ilimpasa afike hospitali mjini mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, aunganishwe kwenye mashine ya kusafisha damu. Mjini ni kilomita arobaini, na zamu yake ilikuwa saa tatu asubuhi. Akichelewa, zamu anapewa mwingine, kwa sababu wagonjwa ni wengi na mashine ni chache. Kwa hiyo mjue mapema kwamba gari hili halikuwa la kwendea harusini. Gari hili ndilo lililokuwa linamweka mzee hai.

Sasa, tairi la nyuma, upande wa kushoto, lilikuwa linapungua upepo. Halikupasuka. Lingepasuka ingekuwa afadhali, maana tairi lililopasuka halimdanganyi mtu. Hili jioni limejaa, asubuhi limelegea, ukiliangalia haraka haraka unasema liko sawa. Mwalimu alifanyaje? Alifanya kama mimi na wewe. Kila siku ya safari alisimama kwa fundi wa njia panda, akashusha kioo, akasema, "Mwanangu, niongezee upepo." Fundi anavuta mpira wa mashine, tsss, dakika mbili. "Tayari, Mwalimu. Safari njema." Jumatatu upepo, Jumatano upepo, Ijumaa upepo. Miezi mitano!

Niwaulize, fundi yule alikosa nini? Aliombwa upepo, akatoa upepo.

Siyo kwamba mama hakuhangaika. Alimuuliza yule fundi wa njia panda kulikoni, akaambiwa ni baridi ya huku kwetu, eti upepo nao unasinyaa. Akaenda kwa wa pili. Huyo aliinama, akatazama, akatikisa kichwa kwa huzuni kama yuko msibani, halafu akauliza lile swali. Mnalijua lile swali? Katika nchi hii mpelekee fundi kitu chochote, redio, cherehani, kitasa, paa la nyumba, na kabla hajashika bisibisi atakuuliza... eeh, semeni wenyewe! "Nani alikufanyia hii kazi? Duh! Kakuharibia!" Ndivyo alivyouliza. Akabadilisha valvu. Upepo ukaendelea kupungua. Wa tatu naye akauliza vilevile, "Nani alikufanyia hii kazi?" Akasema tairi limechoka, nunua jipya. Mama akanunua jipya. Na jipya nalo, baada ya siku mbili, likalegea.

Mafundi watatu, na wote wasafi. Aliyeharibu ni yule mwingine, ambaye hayupo.

Ikafika Jumatano moja. Wako katikati ya safari, kwenye mlima, tairi likalala chini kabisa. La akiba lilikuwa limekufa zamani. Wakakaa pembeni ya barabara mpaka akatokea dereva wa lori mwenye pampu, akawasaidia. Walipofika hospitali ilikuwa saa nne na nusu. Nesi aliwaonea huruma, lakini kitandani alikuwa amelala mtu mwingine, na mtu huyo naye ana watoto wake. Wakarudi nyumbani kama walivyotoka.

Jioni ile miguu ya mzee ilivimba hata viatu vikakataa kuingia, na pumzi ikawa fupi. Mzee alikuwa mtu wa utani tangu ujana wake. Akamwambia mkewe, "Mama, naona leo mimi nimejaa kuliko tairi." Mama hakucheka. Alitoka nje, akasimama nyuma ya gari, akasema kwa sauti mpaka jirani akachungulia dirishani: "Upepo basi! Sijazi tena. Nataka kujua unakotokea."

Alhamisi asubuhi alianza kwa fundi wake wa kila siku. Fundi alikwisha vuta mpira, mama akamzuia.

"Leo usiniongezee upepo. Lifungue, unitafutie tundu."

"Mwalimu, kufungua ni kazi ndefu, na unaona foleni. Tuweke upepo ufike uendako, ukirudi tutaona."

"Tumeona miezi mitano," mama akasema. "Leo sitaki kuona. Nataka kujua."

Akageuza gari. Akapita kwa wa pili, wa pili akataka kubadilisha valvu tena. Akapita kwa wa tatu, wa tatu akaanza kulisifia tairi lingine jipya. Mwingine angechoka. Huyu mama hakuchoka, akaendelea kuzunguka mji wetu huu mdogo kwa tairi lililolegea, pole pole, mpaka upande wa pili, kule kunakouzwa mbao. Huko akaona kibanda cha mabanzi ambacho hakuwahi kukiendea, na nje ya kibanda pipa limepasuliwa katikati, limejaa maji. Pipa hilo ndilo lililomsimamisha. Alijiambia moyoni kwamba asiye na maji anajaza tu, ila mwenye maji anatafuta tundu.

Fundi wa pale alikuwa mtu mzima, mwenye mvi kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tairi hili linapoteza upepo. Sitaki uniongezee. Nitafutie."

Akapiga jeki, akalifungua, akalijaza, akalizamisha zima kwenye lile pipa na kulizungusha taratibu. Mama akainama karibu naye. Maji yakatulia. Halafu vikaanza kutoka, kimoja, kingine, vipovu vidogo kama vya soda, na havikutoka kwenye tairi. Vilitoka kwenye rimu, pale chuma kinapokutana na mpira. Ndiyo sababu tairi jipya halikusaidia kitu!

Fundi akaitoa rimu, akaifuta kwa kitambaa, akapitisha kidole gumba juu ya rangi ya fedha iliyopakwa pale ukingoni. Akaiangalia kwa muda mrefu. Mama naye alikwisha kuwazoea mafundi. Akasema, "Haya, uliza na wewe. Uliza nani alinifanyia hii kazi, nikujibu sijui, unihurumie, tuendelee."

Fundi akainua macho. Akasema, "Siulizi, mama. Aliyefanya kazi hii ni mimi."

Wapendwa, mmesikia?

"Gari hili nalikumbuka," akaendelea. "Alilileta mzee mmoja mrefu, wa kofia ya sufu, ananichekesha muda wote. Ni miaka miwili sasa. Alikuwa amepiga shimo, rimu ikapinda. Nikainyoosha kwa nyundo, ikapata ufa. Niliuona, mama. Nisikudanganye, niliuona kabisa. Nikapaka rangi juu yake, nikasema utakaa. Umekaa, na sasa umefunguka." Halafu akauliza, "Yule mzee hajambo?"

Mama akamwambia. Akamweleza figo, mashine, zamu ya saa tatu, mlima, lori, viatu vilivyokataa kuingia. Fundi akaketi juu ya tairi kuukuu, akashika kichwa.

Msidhani Mwalimu alijaa upole papo hapo. Mkono ulimwasha, alikuwa na haki ya kuwaka. Sasa nawauliza ninyi mlioketi hapa, ungekuwa wewe, gari lako ungemwachia nani? Wale watatu wasio na kosa lolote? Au huyu mmoja aliyeharibu?

Mama akasema hivi: "Nimefundisha miaka thelathini na nne. Kila kioo kilipovunjika niliuliza darasani, nani kafanya hivi? Na kila mara walinijibu, siyo mimi, Mwalimu. Leo ndiyo mara ya kwanza namsikia mtu anasema ni mimi. Simama. Fanya kazi. Kuanzia leo gari hili hatalishika mtu mwingine."

Fundi akasimama. Akasema rimu ile haipakwi tena wala haizibwi, inatupwa. Akaleta nyingine, nzima, akafunga tairi, na kabla ya kulirudisha kwenye gari akalizamisha pipani mbele ya mama. Wakainama wote wawili, wakangoja. Hakikutoka kipovu hata kimoja. Kesho yake, Ijumaa, saa mbili na nusu, mzee alikuwa ameketi kwenye benchi la hospitali, miguu peku kwa sababu viatu havijaingia bado, anawatania manesi kwamba wamechelewa.

Sasa turudi kwetu. Najua kuna watu humu wameshamaliza mahubiri yangu moyoni. Mnasema, "Fundi mwaminifu ni Bwana Yesu." Hapana! Leo mmekosea. Bwana wetu hana rimu aliyoipasua akaificha kwa rangi. Fundi yule ni sisi.

Ni sisi tunaokuja hapa kila Jumapili kuongezewa upepo. Tunaimba, tunapiga makofi, tunatoka tumejaa, na Jumatano tumelala chini. Tunasema ni baridi. Tunasema ni barabara. Kwaya yetu imegawanyika, leo ni mwezi wa nne, na nimewasikiliza wote, mmoja mmoja, wakilia. Kila mmoja ameniuliza nani kafanya hivi. Hakuna aliyesema ni mimi. Nyumba zetu zinapoteza upepo, baba anamwangalia mama, mama anamwangalia mama mkwe, na ufa uko pale pale, chini ya rangi nzuri ya fedha. Na kuna mtu nyumbani miguu inavimba wakati sisi tunaulizana! Hilo ndilo linaloniuma. Uongo wangu hauniumizi mimi peke yangu. Kuna mtu amekosa zamu yake kwa sababu yangu.

Kwa hiyo sitawaongezea upepo leo. Naanza na rimu yangu.

Yule mama wa mtaa wa juu, aliyekuwa anakaa benchi lile la tatu, hajaonekana tangu Pasaka. Mmekuwa mkiulizana nani kamkwaza, wengine mkasema ni umoja wa akina mama, wengine mkasema ni mzee wa mtaa, na mimi nimewaacha mkisema. Nilijua. Nilikaa kimya, nikapaka rangi. Aliyemkwaza ni mimi. Nilimsema kutoka mimbari hii hii, bila kumsikiliza, kwa jambo ambalo hakulifanya.

Kesho asubuhi napanda kule kwake. Sitabeba zawadi, na sitaanza na maombi marefu. Nitabisha hodi, akifungua nitamwambia neno moja: ni mimi. Akinifungia mlango, nitakwenda tena Jumanne.

Na wewe, ukitoka hapa, unakwenda kubisha kwa nani?