Pimbi Anakagua Maduka ya Bei Chee

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa nini?"
"Pakawa duka, tena la bei chee."
"Mwenyewe nani?"
"Mwenye tumbo."

Haya, kaeni vizuri. Na wewe kule nyuma acha kutafuna, nikusikie ukiitikia.

Hapo kale Kiboko alikuwa na maduka matatu: moja Bondeni, moja Njia Panda, moja Mlimani. Akatangaza anauza hisa. Lete kikapu kimoja cha karanga, upewe jani lenye alama ya mguu wake, na mavuno yakifika utagawiwa faida. Wanyama wakapeleka mbio mbio. Hata Bibi Kobe akapeleka, na zake zilikuwa karanga za mbegu, na mvua ilikuwa imeshaanza kunukia.

Aliyebaki ni Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini, bahili wa kutajwa, mwenye meno mawili marefu ya mbele. Bibi Kobe akamfuata.

"Mjukuu wangu, sina raha. Nisipopata mbegu msimu huu silimi. Hebu nenda ukaangalie, tumenunua duka au tumenunua jani?"

Pimbi akajitwisha kikapu chake, huyoo, mpaka Bondeni. Kiboko alipokiona kikapu akachekelea mpaka masikioni.

"Karibu, bwana Pimbi. Lakini kwetu mgeni haoneshwi duka na njaa. Kula kwanza."

Wakala. Pimbi akaingia dukani. Limejaa pomoni: ndoo, chumvi, kanga, miche ya sabuni mpaka darini.

"Mzee Kiboko, unauza kwa bei ya kutupa. Faida inatoka wapi?"

"Kwenye wingi. Kidogo kwa huyu, kidogo kwa yule, jioni ni kilima."

Jibu lilikuwa tamu, na utamu wake ndio uliomtia Pimbi wasiwasi. Akaangalia juu, akaangalia chini, akaangalia kando. Kiboko alipogeuka kupiga chafya, Pimbi akauinamia mche wa sabuni: ng'wa! Akameza povu, akafuta mdomo.

Wakaenda Njia Panda. "Kula kwanza," akasema Kiboko. Wakala, tena wakala sana. Pimbi akaingia. Pomoni. Akaangalia juu, akaangalia chini, akaangalia kando. Mbele yake mche wa sabuni, una alama za meno mawili.

Wakaenda Mlimani. "Kula kwanza." Wakala mpaka tumbo likauma. Nyuma ya duka Pimbi akawaona punda wawili wa Kiboko wakihema, hee, hee, hee, jasho linawatiririka. Akaingia. Pomoni. Na mche ni ule ule, meno ni yale yale.

Kumbe bidhaa ni za duka moja. Mgeni akila, punda wanazipitisha njia ya mkato. Pimbi hana mkia, lakini angekuwa nao ungesimama kwa hasira. Ila akipiga kelele, nani atakwenda kumtoa Kiboko karanga mdomoni?

Basi Pimbi akakaa chini, akafuta machozi.

"Mzee, nimechelewa. Kumbe utajiri ndio huu. Nakuomba usimwambie mtu. Nakwenda kuzinunua hisa za wote, kila jani vikapu viwili."

Kiboko akashtuka. Pimbi huyu, anayelamba chumvi kwa zamu, atoe viwili? Basi hisa zina thamani kubwa, na yeye mjinga kaziuza kwa kimoja. Roho ikamuuma kweli.

"Kaa hapo, ule tena kidogo," akasema. Akawapakia punda karanga zote za ghalani kwake, za wanyama pamoja na akiba yake ya miaka yote, akateremka, gudu, gudu, gudu.

Pimbi hakula. Akashika ile njia ya mkato ya punda, akafika wa kwanza, akamnong'oneza Bibi Kobe, na Bibi Kobe akawanong'oneza majirani.

Kiboko akafika anatweta. "Bibi Kobe, nipe jani, nikupe viwili."

"Viwili kaniahidi Pimbi."

"Vitatu."

"Sijui, mwanangu. Nimeshalizoea jani langu."

"Vinne, basi."

Bibi Kobe akatoa jani polepole, kama anayeumia. Nyumba ya pili, vinne. Nyumba ya tatu, vinne. Mpaka punda wakabaki na magunia matupu, na Kiboko akabaki na majani.

Akayakalia, akingoja faida. Njaa ikambana. Akaenda Bondeni: tupu. Njia Panda: tupu. Mlimani akaukuta mche wa sabuni wenye meno. Akautazama sana, ndipo akakumbuka kwamba aliyewatuma punda ni yeye mwenyewe.

Mvua ikanyesha, Bibi Kobe akapanda.

Funzo, watoto wangu: ukikaribishwa dukani, using'ate bidhaa za watu. Na siku zote mwamini mwenye duka, maana hakuna anayelijua duka kama yeye.

Hadithi nimeirudisha rafuni. Anayeitaka aichukue bure, ila ale kwanza.