Tochi Iliyofifia Ukweni

Wapendwa, hebu kwanza twendeni Makete, kwenye baridi ile ya mtu kuongea huku anatoa moshi mdomoni.

Huko aliishi bwana mmoja, mkulima wa viazi aliyependa vitu vya umeme kuliko viazi vyake. Alinunua redio mbovu na deki mbovu, akazifungua, akachomoa vijipande na kuviunganisha upya. Siku moja akaunda tochi ya leza. Si hizi ndogo za kuonyeshea ukutani, maana hizo zimewekewa kikomo cha nguvu kusudi zisiharibu macho ya watu. Yake hakuiwekea kikomo. Asubuhi, umande umeganda kwenye majani, alisimama mlangoni akaielekeza kwenye puto alilolifunga uani. Paa! Puto halipo. Majirani wakashangilia, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Sasa mdogo wa mkewe akawa anaolewa, kule Kyela. Wakwe wakasema, "Tutatundika puto kubwa jeusi mlangoni pa ukumbi, ndani tumelijaza maua. Bibi harusi akifika, wewe mkwe wetu utalipasua kwa mwanga wako, maua yamwangukie." Nani kati yenu angeikataa heshima hiyo, tena ukweni?

Kyela mnaijua. Joto linakukumbatia kama shuka bichi. Bwana yule, ndani ya suti yake ya sufu, akaanza kuwachangamsha watu kabla maharusi hawajafika. Akaunguza karatasi. Akawasha njiti ya kiberiti kwa mbali. Watu wanapiga makofi, naye kidole hakitoki kwenye kitufe. Mara matarumbeta yakalia, bibi harusi akashuka garini, akaja polepole mpaka chini ya puto.

Bwana akaelekeza tochi. Kidoa cha mwanga kikatua juu ya puto, kikatulia pale. Puto likabaki zima.

Akasogea karibu. Zima.

"Mkwe wetu, tunakusubiri!" mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti.

Jasho likamtiririka mgongoni. Shida ni nini? Betri? Ameichaji mwenyewe. Kioo? Akakifuta kwa tai. Kidoa kikazidi kupauka. Mkewe akaja kumsaidia, akaishika tochi, akairudisha haraka mkononi mwa mumewe.

"Baba Subilaga, mbona chuma hiki kinaunguza? Kizime kwanza kipumzike."

"Mama Subilaga, huo moto ndiyo nguvu yenyewe! Kingekuwa hakina nguvu kingechemka?"

Akaifungua tochi hapohapo, akakaza kiskrubu kinachoongeza umeme. Mwanga ukang'aa kufumba na kufumbua, kisha ukashuka chini kuliko mwanzo. Akakaza tena. Ukashuka tena. Alikuwa anaongeza, nao unapungua! Mnaiona hesabu hiyo? Yeye hakuiona. Alisimama pale mbele ya wakwe kama mtu aliyeitwa jina ambalo si lake.

Mwishowe shemeji yake, kaka wa mkewe, akapanda juu ya kiti akalitoboa puto kwa uma. Maua yote yakamwangukia yeye kichwani. Ukumbi ukaangua kicheko, na bibi harusi akapita bila ua hata moja.

Bwana akajitenga pembeni. Makete inapasua, Kyela haipasui. Tochi ni ileile, mkono ni uleule. Kwani mwanga nao una kwao? Au kuna mtu hapa amemfanyia kitu? Alipoona watoto wanakuja kuiomba ile tochi, aibu ikamzidi, akaizamisha ndani ya deli la barafu, chini ya soda, isionekane.

Watu wakala, wakacheza. Yeye hakutoka pale pembeni. Baadaye akaliendea deli, akaitoa tochi. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akajisemea, "Imekufa hii. Hebu nione kama imebaki hata cheche." Akaigeuza, kioo kikamtazama. Akasogeza jicho. Akabonyeza.

Haikuwa imekufa.

Mkewe alimkuta amepiga magoti, kiganja kimefunika jicho, anauliza, "Mbona kumekuwa giza katikati? Mbona kumekuwa giza katikati?"

Walimpeleka kwa daktari wa macho, Mbeya. Daktari akasikiliza habari yote, akatikisa kichwa. "Mzee, hakuna aliyekuroga. Joto ndilo lililokuwa linakula mwanga wako. Vitu hivi vikichemka vinafifia. Ulipoipoza, nguvu zake zote zikarudi, pamoja na zile ulizoongeza."

"Kwa hiyo haikuwa mbovu?"

"Ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa imelemewa tu."

Mpaka leo, akifumba jicho lile zima na kumtazama mkewe kwa hilo jingine, anaona kilemba, anaona mabega. Uso hauoni.

Sasa mnamcheka nani? Maana sisi tunapochemka tunadhani tunang'aa.

Baba anafoka tangu anapofungua mlango, anadhani nyumba inamheshimu. Mama amebeba kikundi, jumuiya na wagonjwa wa ukoo mzima, na siku hizi anawagombeza hao wagonjwa. Kiongozi wa kwaya sauti imekauka, anaongeza mazoezi. Tukiona mwanga umepungua, tunafanya nini? Tunakaza skrubu! Mikesha zaidi. Kelele zaidi. Na mtu wa karibu akituambia tukae chini kidogo, tunamwona adui wa kazi ya Mungu. Kisha siku moja nguvu zinarudi bila kiasi, na anayeumia ni yule aliyesogea karibu, au ni sisi wenyewe.

Niwaulize. Mungu alipopumzika siku ya saba, alikuwa amechoka? Wapi! Alituwekea kikomo, akaanza kukishika yeye mwenyewe, ili asiwepo mtu wa kusema kupumzika ni uvivu. Kikomo si laana, ndugu zangu. Aliyetuumba anajua tunaweza kubeba kiasi gani kabla ya kuungua. Sisi ndio hatujui, na kuuliza hatutaki.

Naona wengine mnatazama saa, mnawaza kikao cha kamati ya ujenzi baada ya ibada hii. Hicho kikao nimekifuta. Na kile cha jioni pia. Wanakamati, nendeni nyumbani mkalale.