Pimbi na Udongo Mwekundu wa Bondeni

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na hospitali zao, Pimbi alitamani sana kusomea ubingwa wa mifupa. Udaktari alikuwa nao tayari, kausomea Chuo cha Mwambani, chuo kidogo kule majabalini. Lakini hospitali iliyofundisha ubingwa ilikuwa moja tu, ya Tembo.

Sasa sikilizeni usaili wenyewe, watoto! Madaktari wa Chuo cha Bondeni, chuo cha wakubwa, walikuwa na desturi ya kupakwa udongo mwekundu kwenye paji la uso. Tembo akiuona udongo, basi, umepita.

"Mwambani?" Tembo alimfokea Pimbi. "Ndiyo wapi huko? Toka!"

Hata mfupa mmoja hakumwuliza. Upuuzi mtupu!

Pimbi akashuka bondeni, akachota udongo, akajipaka paa! Kesho yake akarudi. Tembo hakumkumbuka; sura yake hakuwa ameitazama.

"Aaa, mwenzetu huyo!" akamwita bawabu wake. "Nyati, mfungulie!"

Kumbe rahisi hivyo! Pimbi alicheka moyoni mpaka jioni, walipokaa kula.

"Mnamkumbuka mpishi wetu wa Bondeni, Ngiri?" akauliza Tembo. "Na ule uji wake?"

Kwa-kwa-kwa! Wote wakaangua kicheko. Pimbi naye akacheka, nyuma yao kidogo. Ikawa hivyo kila jioni, anacheka asichokijua, wala hana wa kumwambia neno moja la kweli.

Asubuhi moja, ngo! ngo! ngo! Langoni alisimama Kalunguyeye na miiba yake, aliyekuwa akikaa naye dawati moja Mwambani. Naye alitaka ubingwa. Paji lake jeupe.

"Pimbi! Dada'angu!"

Nyati akageuka. "Dakta, unamjua huyu?"

Akisema ndiyo, anatupwa nje leo hii. Pimbi akaugusa udongo wa paji lake. Kalunguyeye akautazama ule udongo, akaelewa.

"Samahani, mzee," akamwambia Nyati. "Nimemfananisha."

"Ebo! Daktari wa Bondeni umfananishe na vimiiba wenzio? Nenda zako!"

Akaenda, chakwa, chakwa, juu ya majani makavu. Pimbi alisimama pale hadi mlio ukapotea.

"Mwenzetu!" Tembo akaita kutoka ndani. "Njoo, chai inapoa!"

Akaingia, wakamsogezea kiti katikati yao.

Basi jueni, watoto: ukijificha ili upokelewe, anayepokelewa si wewe.