Betri ya Shemeji

Bosi Kimweri wa yadi ya magari hakuwahi kumpunguzia mtu bei. "Haibridi hii ya petroli na umeme ina betri mpya," aliapa mbele ya wateja. "Bei ni ile ile."

Bi Sikudhani, mmoja wao, alikwishauona utepe mweusi uliobandikwa juu ya taa ya onyo la betri, lakini alishusha pumzi tu. "Hapo umeniangusha, bosi. Shemeji yangu anatafuta betri kuukuu ya haibridi, ile ya tangu kiwandani, iliyochoka hata chaji haishiki. Akiipata haulizi bei."

Kimweri macho yakamtoka. "Haulizi bei?"

"Haulizi."

"Basi mama, nisikufiche! Hiyo iliyomo ndiyo ya kiwandani, imekufa kabisa!"

Wateja wote wakageuka. Bi Sikudhani akafungua mkoba.

"Haya, nitajie bei ya gari lenye betri iliyokufa. Shemeji mimi sina."