Jino la Moja-Nne

Sogeeni mnaotaka kusikia. Mwenye jibu kabla ya swali aende zake. Watu wa aina hiyo tunao wa kutosha, na baadhi yao wanafundisha.

Chuo kimoja cha udaktari wa meno kilikuwa na wanafunzi watatu wenye vipawa. Erasto alikuwa na jicho: kosa la kitabuni halikumpita. Hamisa alikuwa na mikono: alichokishika kiligeuka umbo. Gwamaka alikuwa na mdomo: alimwiga mtu mpaka mwenyewe akajistukia. Vipawa vyao walivijua vizuri sana, na asiyevijua alikumbushwa.

Mwenzao Atupele hakuwa na kipawa, alikuwa na bidii. Alishaanguka mtihani wa maumbo ya meno. Akianguka na wa marudio, anafungasha anarudi kwao Tukuyu.

Alikuwa anasoma nini? Noti za Daktari Mchopa, zilizotolewa kopi ya kopi ya kopi mpaka magego yakafanana na viazi. Noti zilisema jino la kumi na nne ni gego dogo, juu kulia. Kitabu cha maktaba kilisema hapana, ni gego kubwa, juu kushoto. Ukifungua ukurasa wa pili wa noti zilezile, unakuta Mchopa anakubaliana na kitabu! Darasa zima liliona, darasa zima likatikisa kichwa kama lililoelewa. Kuuliza ni kukiri hujui, na makoti meupe yalishanunuliwa. Atupele akakariri vyote viwili.

Erasto ndiye aliyemfungua macho.

"Dada, unakariri ugomvi wa watu wawili," alisema, bila hata kuinua uso. "Wako wanaohesabu meno mfululizo, moja mpaka thelathini na mbili. Sisi tunagawa kinywa mafungu manne, kila fungu linahesabiwa kutoka katikati. Kwa hiyo hapa si kumi na nne. Ni moja-nne: fungu la kwanza, yaani juu kulia, jino la nne. Mchopa kachota huku, kachota kule, kakoroga."

"Wewe ulijua lini?"

"Muhula uliopita."

"Na hukusema?"

"Kwani uliniuliza?"

Hamisa ndiye aliyempa vidole. Maana hata picha ziligombana: moja ilionyesha gego lile dogo lina mzizi mmoja, nyingine miwili.

"Picha tupa kule," alisema. Akakata sabuni ya mche, akachonga jino lenye mizizi miwili, akachonga na jirani yake lenye mmoja, akayafunika kwa khanga. "Papasa. Lipi hilo?"

Atupele akikosea, alikabidhiwa kipande kile cha sabuni pamoja na nguo chafu za Hamisa. "Haya, kafulie jibu lako." Alifua mpaka shuka za mwenzake zikang'aa. Lakini vidole vikajua.

Gwamaka naye ndiye aliyempa kifua. Kwenye mtihani wa kwanza, uliokuwa wa mdomo, kila Mchopa alipokohoa, Atupele alibadilisha jibu lililokuwa sahihi. Basi Gwamaka akawa anamwiga Mchopa: anashusha miwani mpaka ncha ya pua, anakohoa, anavuta maneno: "Una uhakiiika, binti?" Alimfanyia hivyo kwenye foleni ya chakula, watu wakavunjika mbavu. Mwanzoni Atupele alilia. Baadaye akawa anajibu huku anatafuna: "Ninao. Nipishe."

Siku ya marudio, Mchopa aliketi na mtahini wa nje, Daktari Nasra, mama asiyecheka ovyo. Atupele akaokota jino mezani, akalipapasa. Mizizi miwili.

"Moja-nne. Gego dogo la kwanza, juu kulia."

Mchopa akakohoa. "Una uhakika, binti?"

"Ninao, Daktari."

Mama Nasra akamgeukia Mchopa. "Kwani wewe huna?"

Mchopa akaanza kufuta miwani iliyokuwa safi.

Atupele akafaulu. Mama Nasra akamwita pembeni. "Nani amekufundisha? Kliniki yangu ina nafasi moja likizo hii. Nataka mtu anayeweza kumfanya mwenzake aelewe. Nitumie jina moja. Nikiona mawili, nafuta yote."

Habari zilifika kwenye korido kabla yake.

"Bila mimi ungelitaja kwa ufasaha jino lisilo lenyewe," alisema Erasto.

"Na bila mimi ungejua namba, ukaokota jino la jirani," alisema Hamisa.

"Na bila mimi ungejua yote, ukakoholewa, ukabadilisha," alisema Gwamaka.

"Wewe ulimfanya kichekesho!" Hamisa akamrukia Gwamaka.

"Na wewe ulipata dobi wa bure! Erasto ndiyo kabisa, alimwacha aanguke mara ya kwanza huku jibu analo."

Mchopa akapita na noti zilezile kwapani, akielekea kutoa kopi za mwaka wa kwanza. "Atupele, usisahau," alisema kwa upole, "mwalimu wako ni mimi."

Atupele ameshika simu. Watatu wamemsaidia, hakuna aliyempenda, wala hakuna aliyempongeza. Msiniambie "wote wanastahili", hilo ni jibu la wenye kutikisa kichwa. Jina ni moja, na mama yule hasubiri.

Haya, simu hiyo shika wewe. Unaandika la nani?